Mwaka wa Mwizi wa Vifuniko

Mtoto wa Somoe alinipigia simu Ijumaa mchana, nikiwa nimeketi barazani nachambua mchele, akaniambia kuwa mama yao wamemzika asubuhi ile Msimbati. Aliniomba radhi kwa kuchelewa. Alisema katika simu ya marehemu nimeandikwa "Jirani", bila jina, nao walikuwa wamekwisha kuwaarifu majirani wote wanaowajua, wasifahamu huyu mmoja aliyebaki ni nani. Nilimwambia hakuna neno, nikampa pole, nikaendelea kuchambua mchele ambao nilikuwa nimekwisha kuuchambua. Kulia sikulia. Nililia jioni, nilipotaka kumweleza mtu ni nani amekufa, nikakuta sijui nianzie wapi. Ndugu hakuwa, shoga wa kukaa na kusukana nywele hakuwa, dini hatukuwa moja, kabila mbalimbali. Huo ujirani wenyewe ulikuwa wa mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, na kwa mwaka wote huo tulizungumza ana kwa ana maneno machache kuliko ninayozungumza na muuza mkaa wangu. Baadaye tulionana kwa nadra, na simu zilipoingia tukawa tunapigiana Idi na Krismasi. Lakini nikiulizwa ni nani aliyenifunza kuishi na watu nitamtaja yeye, na nitaonekana kichekesho.

Wajukuu zangu wana tamthilia zao za televisheni, na mara nyingine hunikaribisha nitazame nao. Zipo za wapelelezi, nazo nazipenda, ila siwezi kuzoea jambo moja: wakitaka kwenda kunywa maji wanamsimamisha mwizi dirishani, mguu mmoja nje, mmoja ndani, awangoje. Wakikosa neno wanarudisha nyuma. Uvumilivu ukiwaishia wanatazama sehemu ya mwisho kwanza. Siku moja niliwaambia kwamba mimi nilifuata hadithi ya upelelezi mwaka mzima bila kuona hata uso mmoja, kwa redio isiyokuwa yangu, iliyokuwa katika chumba ambacho sikuwahi kuingia. Walinionea huruma. Sikuwa nimewaeleza ili wanionee huruma, basi nikawaacha na mwizi wao.

Nilifika Mtwara wakati wa masika, msichana wa bara wa miaka ishirini na kidogo, mpiga chapa mpya katika ofisi moja ya serikali, na sanduku la bati ambalo mpini wake ulikatika siku ile ile ya kufika. Nilipata chumba katika nyumba ya Bi Nuru, upande wa juu wa Shangani, nyuma ya zile nyumba kubwa zinazotazama bahari. Ilikuwa nyumba ya mawe na udongo, vyumba vinne vya kupangisha, ukumbi katikati na jiko uani. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyopinda na misumari ya kutundikia nguo. Paa lilikuwa la bati na dari haikuwapo. Kuta za vyumba zilipanda mpaka kimo cha mtu aliyesimama juu ya kiti, zikaishia hapo, na juu yake hewa ilikuwa ya wote. Mtu akijikuna chumba cha mbele, wa nyuma anajua. Usiku wa kwanza nilisikia mume na mkewe wakigombana juu ya chumvi, mzee mmoja akihesabu tasbihi, na ng'ambo ya ukuta wa kitandani kwangu mtu akifagia, taratibu, kwa muda mrefu kuliko ukubwa wa chumba.

Kabla sijalala Bi Nuru alinijia mlangoni, mtumzima mwembamba mwenye ufunguo shingoni, akanipa sheria za nyumba. Za maji na za choo nimezisahau. Moja siisahau. "Mwanangu," alisema, "nyumba hii haina siri, ina adabu. Utakayoyasikia juu ya ukuta hayana mwenyewe. Usiyajibu, usiyacheke, usiyapeleke uani asubuhi. Ukijibu la juu ya ukuta ni sawa na kuingia chumbani kwa mtu bila hodi." Nilimwitikia kama mtoto wa darasani. Asubuhi niliwakuta wale wa chumvi wakipiga mswaki, nikawasalimu kana kwamba wamelala kwenye pamba, nao wakaniitikia kana kwamba mimi nimelala mji mwingine. Ni adabu nzuri, na hata leo naitetea. Ila kwa mgeni asiye na mtu ina ubaya wake: unaishi katikati ya maisha ya watu wanane na hakuna hata moja unaloruhusiwa kuligusa.

Na mimi sikuwa na mtu. Ofisini wenzangu walikuwa watu wazima wenye familia, na maongezi yetu yalikuwa ya karatasi: kopi ngapi, za lini, nani kaweka sahihi. Chakula cha mchana niliruka mara nyingi kwa sababu sikutaka kukaa mgahawani peke yangu nikitazamwa. Jioni nilipika ugali wa muhogo, ambao nilikuwa sijauzoea, ukaninata vidoleni, nikala na dagaa nikiwa nimesimama, maana kukaa chini na sahani moja kuliniuma zaidi. Kisha nilikwenda kutembea Shangani kama walivyofanya wote. Pale ufukoni, jua likipoa, mji mzima ulijipanga: mabwana wa bandari na wake zao, walimu na watoto waliotangulizwa mbele, wasichana wawili wawili wakishikana vidole. Walisalimiana kila hatua. Nilijifunza kutembea kwa haraka ili nionekane nina ninakokwenda. Nilikuwa nikifika mwisho wa barabara nageuka, narudi kwa haraka ile ile, na sidhani kama nilimdanganya mtu. Wikiendi zilikuwa ndefu mno hata nilikuwa nikifurahi nikipata nguo chafu.

Yule mfagiaji wa ng'ambo ya ukuta ndiye Somoe. Alinizidi miaka michache. Mumewe alikuwa baharia wa meli ya mwambao, anakuja, analala siku mbili tatu, anaondoka. Kwao Msimbati, lakini asili yao ng'ambo ya Ruvuma, na Kiswahili chake kilikuwa kimelala juu ya Kimakonde kama mkeka juu ya mchanga. Pale bombani baadhi ya wanawake wa mjini walimwiga anavyosema, wakamwita "wa ng'ambo", basi akawa hasemi. Alfajiri alichemsha ming'oko, vile viazi pori vyembamba vya kusini, akenda kuviuza njia ya sokoni, mchana akarudi na ungo mtupu. Tukikutana uani alikuwa akitazama chini. "Umeamkaje, dada?" "Salama, dada, na wewe?" "Salama." Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yote ya siku, na mimi, kwa ujinga wa kuja, nikaamua kwamba hanipendi.

Alhamisi yangu ya pili au ya tatu, baada ya taarifa ya habari, nilisikia kwake wimbo wa filimbi na ngoma ndogo, na sauti ya mwanamume mnene ikisema polepole, "Nimechelewa. Mmepika nini?" Huyo alikuwa Sajini Kobe. Ulikuwa mchezo wa redio, kila wiki mara moja, wa askari mstaafu asiyekimbilia lolote duniani. Akiitwa kwenye tukio hufika la mwisho, huuliza kwanza chakula, hula, hujifuta, ndipo huuliza nani kaibiwa. Mambo yenyewe aliyoyapeleleza yalikuwa ya ajabu ajabu: jogoo anayewika adhuhuri, kisima kinachopiga chafya, bwana harusi ambaye kofia yake inapungua kila anapokwenda kwa wakwe. Na juu ya hayo yote lilikuwako fumbo moja lililoendelea wiki hadi wiki. Katika mji ule wa Sajini Kobe kulikuwa na mwizi wa vifuniko. Haibi sufuria, haibi nyama, haibi kuku. Anachukua kifuniko cha chungu, anaondoka. Kila juma nyumba mbili tatu ziliamka vyungu vyao viko wazi, na Sajini Kobe akawa anavitazama vile vyungu kwa masikitiko ya mtu anayependa vilivyomo.

Lakini siwezi kusema niliusikiliza mchezo. Nilimsikiliza Somoe akiusikiliza. Huyu mwanamke ambaye uani hakuwa na neno, akifunga mlango wake Alhamisi alikuwa na maneno ya baraza zima. Aliibishia redio, akaikatiza, akaiapiza. Sajini Kobe akiomba sahani ya pili, Somoe alisema, "Kula, kula tu, baba. Mwizi naye anakula, mtakutana chooni." Wachezaji wakitaja jina la mshukiwa, alikuwa amekwisha kumtetea. Ile Alhamisi ya jogoo anayewika adhuhuri, mji mzima redioni ulitaka jogoo achinjwe kwa kuwapotosha watu, na Somoe akakasirika kweli, nikasikia kinu kikisogezwa. "Jogoo hana makosa," akamwambia Sajini. "Muulizeni aliyemnunua, kamtoa wapi. Jogoo wa kuja huyo. Saa zake ni za kwao, ngojeni azoee." Na ndivyo ilivyotokea: jogoo alikuwa amesafirishwa kutoka mbali ndani ya gunia, hajui siku imeanzia wapi. Mimi, jogoo mwingine wa kuja, nilijilaza nikiangalia bati, machozi yakaniingia masikioni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Mtwara mtu kuniombea muda.

Basi Alhamisi ikawa siku yangu. Nilipanga wiki kwa hiyo: Jumatano nafua ili Alhamisi nisiwe na kazi, Alhamisi napika mapema, naosha chombo, navuta kiti mpaka ukutani. Nilizima taa ili nisimalize mafuta, au ndivyo nilivyojiambia. Kadiri miezi ilivyokwenda, redio ilisikika karibu zaidi. Nilidhani betri zake zimechoka na sasa anaiweka pahali papya ili isikike, kwa sababu nilikuwa nikiziona mchana zimeanikwa juani juu ya kibaraza, zimepangwa kama mihogo. Nilishukuru betri mbovu. Nilijua sauti ya kigoda chake kikivutwa, nikajua akisonya maana yake nini na akinyamaza maana yake nini. Nilikuwa na maoni yangu juu ya mwizi wa vifuniko na sikuwa na wa kumwambia. Yeye alimshuku Sajini Kobe mwenyewe. "Anayefika kwenye chungu kabla ya mwizi," alikuwa akisema, "huyo ndiye mwizi." Mimi nilimshuku kinyozi wa mji ule. Mara ngapi nilifungua mdomo pale gizani nimwambie, dada, mtazame kinyozi, halafu nikakumbuka Bi Nuru na ufunguo wake.

Siku ya kisima kinachopiga chafya nilivunja adabu bila kukusudia. Ilibainika kuwa kinyozi amejificha kisimani kuwakimbia wakwe zake waliokuja kukaa mwezi mzima, naye ana mafua. Somoe akasema polepole, kwa sauti ya mtu anayefikiri jambo zito, "Kisima chenyewe kina nafasi ya wangapi?" Nikacheka. Sikucheka kidogo, nilicheka kama mtu aliyekuwa amefungwa. Ng'ambo ya ukuta redio ikashuka ghafla. Sikusikia hata kigoda. Nilijibana mdomo kwa kanga, nikakaa hivyo mpaka wimbo wa mwisho ulipopita kwa mbali, mdogo kama mbu. Asubuhi uani alitazama chini kuliko siku zote, na mimi pia. "Umeamkaje, dada?" "Salama, dada." Wiki ile nzima niliumia. Nilijiona nimempoteza mtu ambaye sikuwa naye. Alhamisi iliyofuata nilikaa kitandani, mbali na ukuta, tayari kwa ukimya, na redio ikaja juu, juu kuliko siku zote, hata yule mzee wa tasbihi akakohoa. Nikajiambia ni betri mpya.

Kulikuwa na Alhamisi moja ambayo ofisi ilikuwa na wageni kutoka makao makuu, tukabaki kupiga chapa mpaka mchezo ukapita. Nilirudi nyumbani nimenuna kama mtoto aliyenyimwa. Kwa mwenye redio kukosa sehemu moja si kitu, atamuuliza jirani. Mimi jirani ndiye niliyekuwa siwezi kumuuliza. Nilifungua mlango wangu, ukalia kama kawaida yake, nikaketi bila kuvua viatu. Ndipo sauti ya Somoe ikaja, bila redio, wazi, kidogo kidogo, kama anayesoma. "Wewe redio," alisema, "wewe unasema tu halafu unasahau. Ngoja nikukumbushe." Akaisimulia redio yote iliyokuwa imeyasema: kofia ya bwana harusi, mama mkwe na maji ya moto, vifuniko vitatu vilivyopotea siku moja, mpaka sahani alizokula Sajini na mchuzi wa nini. Aliigiza sauti. Alipofika penye kicheko alingoja. Nilikaa na viatu vyangu. Nilitaka kuamini. Lakini mtu mpweke ana woga wa ajabu: jambo likielekea kuwa lake hulikagua mpaka alione ni la mwingine. Nikakumbuka kuwa Somoe huongea peke yake kila siku, huongea na kinu, na ungo. Nikaamua ni hilo tu. Nilivua viatu taratibu ili asisikie kwamba nilikuwa bado nimevivaa.

Krismasi ilinikuta peke yangu. Wa bara wenzangu waliokuwa na nauli walikwenda makwao. Nilikwenda kanisani alfajiri, nikarudi, nikapika wali na kuku mdogo ambaye hakuisha kwa siku mbili. Mchana ule redio ya Somoe, ambayo haikuwahi kugusa mambo ya kanisa, ilifunguliwa kwenye nyimbo za Krismasi na ikaachwa hapo, kwaya baada ya kwaya, mpaka mahubiri. Yeye Mwislamu, na Krismasi haimhusu. Nilifikiri amelala akaisahau. Nilikula mapaja yote mawili ya kuku nikisikiliza, na nilipomaliza nilipunguza upweke wangu kwa kuosha sahani safi.

Mwezi au zaidi baadaye alikuja mtu kutoka Msimbati na habari kuwa mama yake Somoe yu mgonjwa. Aliondoka siku ile ile. Nilikuwa mlangoni alipopita ukumbini, mkeka kwapani, redio ndani ya kapu, imefungwa kwa kanga. Alisimama. Nami nikasimama. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema kiasi kwamba yalizuiana mlangoni. "Nenda salama, dada," nikasema. "Nikute salama, dada," akajibu, akatoka. Jioni ile nilisikia jinsi chumba kisicho na mtu kinavyosikika. Hata waliogombana juu ya chumvi walikuwa mbali. Na Alhamisi iliyokuwa inakuja ndiyo ilikuwa ya mwisho ya Sajini Kobe. Redio ilikuwa imekwisha kutangaza kuwa mwizi wa vifuniko atajulikana.

Nilifanya nilivyoweza. Siku ile nilikwenda Shangani, nikatembea mbele ya nyumba kubwa, madirisha wazi, mpaka nikasikia ile filimbi na ngoma ndogo kutoka kwenye baraza ya ofisa mmoja, nikainama kando ya michongoma kama ninayefunga kamba ya kiatu. Viatu vyangu havikuwa na kamba. Niliinama pale robo saa, nusu saa, watu wakipita wakiniambia pole kwa kudhani nimeteguka, nami nikiwaitikia ahsante bila kuwatazama, nikishika kila neno: kila sauti, kila sahani, kila kikohozi. Sikujua kwa nini nashika hivyo mpaka mchezo ulipokwisha. Nilipoinuka magoti yakilia, nilijua kwamba Jumamosi nakwenda Msimbati. Nilikuwa nimechoka kukagua. Kama ananicheka, anicheke mbele yangu.

Nilipanda lori la nazi, nikakaa juu ya magunia matupu. Tukapita Ziwani, wanawake wakiwa mashambani, halafu mchanga ukaanza, tukashuka na kusukuma, tukapanda, tukashuka tena. Nilipofika na kuulizia kwao Somoe, mtoto mmoja alinionyesha kwa kidole nyumba yenye viatu vingi mlangoni. Nikaelewa kabla sijaambiwa. Mama yake alikuwa amezikwa Alhamisi, ile ile.

Ndani kulikuwa na wanawake wengi juu ya mikeka, kanga mpaka vipajini. Redio ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kwa kitambaa, kwa sababu nyumba ya msiba haifunguliwi redio. Somoe alikuwa pembeni, ameegemea ukuta, uso umefunikwa. Nilikaa karibu na mlango, mgeni, Mkristo, na viatu vyangu vya mjini mkononi kwa kusahau kuviacha nje. Mama mmoja mnene, mama yake mdogo Somoe, alinisogelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Mjini, mama. Mtwara."

"Wewe ni nani kwake?"

"Jirani. Nakaa chumba cha pili."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vile viatu. "Kumbe ndiwe unayecheka," akasema.

"Somoe katueleza. Alipokuja tulimwuliza, mumeo baharini, unakaaje mji wa watu peke yako? Akasema, mie sikai peke yangu, nina mtu. Ana aibu, hasemi, lakini redio tunasikiliza wote. Mpaka redio kaihamishia ukutani, maana alihisi maneno mengine hayakufikii."

Nimeishi sana tangu siku ile, nimeambiwa maneno mengi mazuri, mengine na watu waliokuwa na haki zaidi ya kuyasema. Hakuna lililoingia kama lile. Mwaka mzima nilikuwa nikitembea Shangani kwa haraka nisionekane sina mtu, na kumbe mtu huyo alikuwa akinitaja kwao kwa kujivunia. Nilitazama mkeka. Nilikuwa nikiona vibaya.

Somoe alikuwa amesikia. Hakufunua uso. Akasema, kwa sauti ile ya juu ya ukuta, si ile ya uani, "Alhamisi imepita."

"Imepita, dada. Pole sana."

"Nishapoa." Kisha akasema, "Nani mwizi?"

Nilimtazama mama mdogo. Kusimulia kichekesho kwenye matanga niliona ni kujitafutia laana. Lakini yeye aliitikia kwa kichwa. "Mwambie," alisema. "Watani wetu hawajafika, wamekwama njiani na mchanga huu. Tangu juzi humu hajacheka mtu, na msiba bila mtani ni mzito. Fanya wewe kazi yao."

Nikafanya. Nilianza kwa kunong'ona, nikaishia kuwa redio nzima. Nilipiga filimbi kwa mdomo. Nilisema, "Nimechelewa, mmepika nini," kwa sauti nene, na bibi mmoja aliyekuwa amesinzia akaitikia, "Bado," na chumba kikacheka. Nikawapeleka na Sajini Kobe kutoka nyumba hadi nyumba, kinyozi akaachiwa huru, mama mkwe akaachiwa huru, mpaka kibanda cha mwisho wa mji, cha bibi mmoja ambaye katika mwaka mzima wa mchezo alikuwa hajatajwa. Ndani, ukutani, vifuniko vyote vimetundikwa, vimesuguliwa vinang'aa. Na Sajini Kobe, kwa mara ya kwanza, hakuuliza chakula. Aliuliza kwa nini. Bibi akamwambia: chungu kikifunikwa harufu yake haitoki. Sasa kila jioni naketi hapa na mkate wangu mkavu, najua kwa fundi wamepika samaki, kwa mwalimu wamepika maharage, leo kwa fulani kuna mgeni maana wametia nazi. Nakula na mji mzima.

Hapo nilinyamaza, kwa sababu ndipo mchezo uliponyamaza. Somoe alishusha kanga. Uso wake ulikuwa umevimba kwa kulia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama usoni, nasi tukatazamana.

"Si angepiga hodi tu," akasema. "Mwaka mzima."

"Aliogopa," nikasema.

"Hata wenye vyungu waliogopa," akasema Somoe. Akasogea, akaupigapiga mkeka pembeni yake, nami nikainuka pale mlangoni nikaenda kukaa.